Betri Zilikuwa Juu ya Tembe

Sikuwa nimekunywa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila nikisimulia, na ni swali la haki, maana kwetu pombe ya mtama haikosi. Lakini siku ile sikuonja hata tone. Sikuwa na homa wala sikuwa na usingizi. Ilikuwa mchana kweupe, jua la Singida lile lile, na tulikuwa watu ishirini na watatu. Idadi nina uhakika nayo, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika majina.

Elimu yangu ni ya darasa la nne. Huenda kuna mambo niliyaelewa vibaya, na nikifika penye mashaka nitakuambia hapa nina mashaka. Lakini kutokea, yalitokea.

Miaka ile tulikuwa tumehamia kijiji kipya upande wa Ihanja, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Kule tulikotoka, mwendo wa asubuhi moja, yalibaki mahame: kuta zilizobomoka za tembe, nyumba zetu za paa bapa la udongo, maboma ya ng'ombe matupu, na makaburi. Sitasema wote tulihama kwa furaha, wala sitasema wote tulihama kwa uchungu. Mimi nilipenda kuwa karibu na shule. Mama yangu alilia siku tatu.

Katika kijiji kipya tulipewa redio, na tukaunda kikundi cha kusikiliza. Utaratibu wake ulikuwa huu: kipindi kikiisha, redio inafungwa, watu wanajadili walichosikia, na mwandishi anaandika nani kasema nini. Mwandishi nilikuwa mimi. Mwandishi hasemi. Anaandika tu, ya wanaompendeza na ya wasiompendeza.

Kiongozi wa kikundi alikuwa Mzee Hango, mtu mkubwa kuliko wote kijijini kwa umri na kwa ng'ombe. Kila mtu alimwamkia shikamoo, hata wazee wenye mvi. Yeye hakuwa na wa kumwamkia. Aliwahi kuniambia hilo kwa huzuni kidogo: "Mwanangu, mdomo wangu umesahau neno shikamoo."

Basi ilifika siku ambayo redio ilitangaza mazungumzo tangu asubuhi hadi jioni, muziki kidogo sana: kilimo, habari za nchi, mambo ya akina mama, halafu afya na maji. Na siku hiyo hiyo kikundi kilitakiwa kukata shauri. Kesho yake bwana maendeleo angepita kuchukua karatasi yetu: nguvu za pamoja za kiangazi kile zijenge ofisi ya kijiji, au zichimbe kisima cha watu peke yao?

Nitakuwa mkweli. Mimi sikuwa mtu wa katikati katika jambo hilo. Tulikuwa tunakunywa maji ya lambo, bwawa lile lile la ng'ombe. Mke wangu na mimi tulikuwa tumekwisha kuzika watoto wawili, wote kwa tumbo la kuhara. Wa tatu, Zainabu, alikuwa na mwaka na miezi, na juzi yake tumbo lilikuwa limemwanza. Unafikiri niliiogopa karatasi ile kiasi gani? Lakini mwandishi hasemi.

Mzee Hango alitaka ofisi. Si kwamba alikuwa mbaya. Aliona kijiji kisicho na ofisi watu watakihama, na tutakuwa tumeacha makaburi yetu bure. Na alijua watu wakisema kisima, watasema pia ng'ombe waondolewe majini.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu betri, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Usiku wa jana yake redio ilikuwa imekauka sauti. Asubuhi nikazitoa betri zote sita, nikapanda juu ya tembe, nikazianika juani kando ya uwele, kama tunavyofanya wote zipate nguvu tena. Nikiwa juu huko mke wangu akaniita: "Baba Zainabu, shuka! Mtoto kachafua tena, na macho yameingia ndani!" Nikashuka mbio. Tukamsafisha, tukamnywesha. Watu wakaanza kuniita, muda wa kipindi umefika. Nikabeba daftari, kidau cha wino, na redio katika mfuko wake wa ngozi. Nikaenda.

Utaniuliza, hukuona redio ni nyepesi? Niliona. Nikadhani ni kwa sababu moyo wangu ulikuwa mzito.

Tulikutana katika banda la shule lililokuwa halijaezekwa nusu. Nikaweka redio mezani, nikazungusha kitufe. Kimya. Nikazungusha tena.

"Imegoma," akasema Hamisi, mtu wetu wa mizaha. "Nayo inataka ihamishwe kijiji."

Watu wakacheka, ila Mzee Hango. Nikashika mfuko ili nifungue mgongo wa redio, na hapo hapo mgeni akaingia.

Alikuwa mwanamke wa rika la mke wangu, sikudhani amefika miaka thelathini. Nguo nyeusi imefungwa begani, miguu ina vumbi jekundu. Alipita katikati yetu hadi mbele ya Mzee Hango, akasimama. Tukangoja amwamkie. Hakumwamkia. Alisimama tu akimtazama, kama mtu anayengojea haki yake.

Nani kwetu angeweza kufanya hivyo? Nilisikia akina mama wakinong'ona, "Huyu kakulia wapi?"

Ndipo Mzee Hango, niamini, akavua kofia yake, akasema kwa sauti ndogo: "Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu yule mwanamke.

Banda zima lilipasuka kwa kicheko. Hamisi alishika mbavu. Mzee Hango mwenyewe alitutazama kama mtu aliyeamshwa, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Umetoka wapi, dada?" nikauliza, maana ilinibidi niandike.

"Kule mahameni."

"Mahameni hakuna mtu siku hizi," akasema Hamisi.

"Ndiyo maana hakuna redio," akajibu. Watu wakacheka tena, safari hii kwa kumpenda. "Nipe niipakate hiyo. Nimekuja kusikiliza."

Nikampa. Kwa nini nilimpa? Sijui. Akaketi chini, akaiweka mapajani kama mtoto, akazungusha kitufe. Ikasema! Tena ilisema safi, sauti ya mtu aliye chumba cha pili, bila ule mkwaruzo wetu wa siku zote. Kwa furaha hiyo nikasahau kabisa nilikuwa nataka kufungua nini.

Ikasema tangu asubuhi ile hadi jioni. Kilimo, tukajadili. Habari za nchi, tukajadili, Hamisi na mwalimu wa shule yetu wakakaribia kugombana juu ya mashamba ya pamoja, nikaandika ya wote wawili. Mwanamke yule hakutoa neno. Alikuwa anainamisha kichwa, anatabasamu penye kutabasamu. Katikati nilitoroka mara mbili kumwona mtoto. Mara ya pili Zainabu hakuwa analia tena, na mtu aliyelea anajua kwamba kunyamaza kule si kuzuri.

Kikaja kipindi cha afya na maji. Msemaji akaeleza habari za kuchemsha maji, na kutenga maji ya watu na ya mifugo. Mzee Hango akashindwa kungoja kipindi kiishe. Akagonga fimbo chini: "Na ng'ombe wangu nani atawaambia? Wao hawana redio!"

Hapa ndipo pana mashaka, nakueleza. Redio ikasema, sauti ile ile ya msemaji: "Kuna mzee anauliza, ng'ombe wake nani atawaambia. Mzee, hawahitaji kuambiwa. Waache wanywe chini hapo hapo wanapokunywa. Watu ndio wapande juu, kwenye korongo, yalipo mawe mawili yaliyoegemeana. Chimbeni hapo."

Hakuna aliyecheka. Mawe mawili yaliyoegemeana kila mmoja wetu alikuwa anayajua, majabali mawili juu ya lambo, watoto wanachezea kivuli chake. Mwalimu alisema baadaye kwamba huenda msemaji alikuwa anajibu barua ya msikilizaji wa mahali pengine, na mawe ya kuegemeana yako mengi nchini. Ni hoja nzuri. Niliiandika. Mimi nimekueleza nilichosikia.

Mzee Hango aliilaza fimbo yake chini. Hakuitazama redio. Alimtazama aliyeipakata. Mwisho akasema, "Mwandishi."

"Naam, mzee."

"Andika kisima."

"Na ofisi?" akauliza mtu wa nyuma.

"Ofisi itangoja. Ofisi hainywi maji."

Niliandika kwa haraka, ukitazama karatasi ile utaona wino ulivyomwagika. Tukapiga kura kwa mikono, maana sikutaka iwe neno la mtu mmoja. Kumi na tisa wakakubali. Wanne walikataa, na majina yao yapo, na sababu zao pia, hazikuwa za kijinga.

Watu walipotawanyika yule mwanamke akanirudishia redio, akasema ana kiu. Nikaenda naye nyumbani. Mke wangu akachota kibuyu mtungini. Mgeni akanusa, akarudisha.

"Ya lambo hayo. Hayo nayajua. Yaliyochemshwa hamna?"

Mke wangu akaona haya, akaleta yaliyopoa chunguni. Mgeni akanywa funda moja, akainama juu ya Zainabu. "Mpe haya, na uji mwembamba wenye chumvi kidogo. Kijiko kimoja kimoja. Akitapika, ngoja kidogo, mpe tena. Usichoke. Mimi nilichoka." Hiyo ndiyo kauli yake, mimi nilichoka.

Kisha akaaga. Tukamwambia alale, njia ni ndefu na jua linazama. Akasema, "Kule kuna watu wananingoja, niwasimulie." Akashika njia ya mahameni. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni, redio mkononi, ingali na joto la mapaja yake, mke wangu alipopanda juu ya tembe kuanua uwele. Nikamsikia akisema kwa ukali:

"Baba Zainabu! Betri zako ziko huku tangu asubuhi. Unataka zilale na umande?"

Akashuka nazo amezifunga katika pindo la kanga. Nikazihesabu. Sita. Nikafungua mgongo wa redio. Tupu. Ndani mlikuwa na utando wa buibui na vumbi jekundu.

Nilitazama njiani. Jua lilikuwa bado lipo, mbuga ni tambarare hadi mbali, na mtu anayetembea huonekana hadi awe nukta. Hapakuwa na nukta.

Je, Hamisi alitia betri nyingine kunifanyia mzaha? Nilimuuliza mara nyingi. Aliapa kwa imani yake kwamba hakugusa, na Hamisi ni mwongo wa mambo madogo, si wa kiapo. Na kama alitia, alizitoa saa ngapi, redio ikiwa mapajani mwa mgeni mchana kutwa, kisha mkononi mwangu?

Usiku ule tulimpa Zainabu kijiko kimoja kimoja, mimi na mama yake kwa zamu. Alfajiri alikojoa, ishara kwamba maji yamemkaa mwilini, mke wangu akapiga kigelegele kana kwamba amezaliwa upya. Siku ya tatu alikuwa anamfukuza kuku.

Tulichimba penye mawe mawili. Kufika kimo cha kiuno, majembe yakagonga mawe. Hayakuwa mawe ya ardhi. Yalikuwa yamepangwa duara, moja juu ya jingine, kwa mkono wa mtu. Kisima cha kale kilichofukiwa na mchanga. Hakuna aliyejua. Mzee Hango alishuka mwenyewe ndani, akayapapasa mawe yale. Akasema tu kwamba bibi wa baba yake alikuwa mchimba visima, na kwamba alizika watoto wake wote isipokuwa mmoja. Chini ya mawe yale maji yalikuwa meupe, baridi, na hayajakauka mpaka leo.

Kwenye taarifa niliandika: wasikilizaji ishirini na watatu, na mgeni mmoja. Habari ya betri sikuandika. Niliogopa kuchekwa, nikapoteza kazi ya uandishi. Hilo limenisumbua kwa miaka, maana mwandishi anayeficha si mwandishi, na ndiyo sababu naandika sasa.

Mzee Hango aliishi miaka mingi baada ya hapo. Ng'ombe wake walikunywa chini, sisi tulichota juu. Na kila asubuhi alipopita penye kisima alivua kofia, akainama kidogo juu ya maji, na kusema lile neno ambalo mdomo wake ulikuwa umelisahau. Watoto walidhani anasalimia kivuli chake. Zainabu, akiwa na ndoo kichwani, alikuwa akimjibu kwa utundu, "Marahaba, mjukuu!" na mzee alikuwa anacheka hadi anakohoa.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesoma. Akija mtu asiyejulikana kutaka kusikiliza pamoja nanyi, msogezee nafasi. Usimwangalie uso ukasema huyu ni mdogo kwangu, ataniamkia yeye. Hujui amekaa duniani muda gani, wala ametoka kuzika wangapi. Tanguliza wewe shikamoo. Na ukinyamaza ukangoja yeye aanze, basi angalau usimkatalie maji, na yawe yamechemshwa.