Siku Niliyomzushia Babu Kifo kwa Ajili ya Swali la Tatu

Jamani, kuna aibu za kujikwaa mbele za watu, ukainuka, ukajipangusa vumbi na kuendelea na safari yako, halafu kuna aibu yangu mimi Vero, ambayo mpaka leo nikipita Kisesa najifunika mtandio kama mtu aliyeiba kuku wa kanisa. Naisimulia kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo (kuna wanaosema tulifika mpaka kuchimba kaburi, si kweli, kaburi halikuchimbwa).

Mimi nasoma kompyuta chuoni hapa Mwanza, mwaka wa kwanza, nimepanga chumba Butimba, na wakati naomba chuo nilidhani kusoma kompyuta ni kujua kuchapa haraka. Kumbe kuna kuandika programu, unakaa na mashine unaielekeza neno kwa neno kama mtoto mkaidi, na ukisahau alama moja tu inakununia. Kilichoniokoa ni grupu moja la WhatsApp la wanaoanza kujifunza programu, lina wanafunzi wa vyuo mbalimbali, wengi wa hapa hapa mjini, na anayeelekeza kuliko wote ni Kaka Deus, kijana anayefanya kazi kiwandani Nyakato ambaye akitoka zamu anashika simu anawasaidia watu asiowajua, bure, kwa roho safi tu. Grupu lile lina sheria moja: hupewi jibu. Unaweka ulichojaribu, hata kama ni mistari miwili ya ovyo, ndipo unaonyeshwa ulipokosea. Ukiandika "jamani naomba jibu," Kaka Deus anakujibu vile vile kila siku: "Onyesha ulichojaribu."

Sasa wiki ile tukapewa zoezi la maswali matatu, na la tatu lilitaka programu ya kuchapisha tebo ya kuzidisha, ile ile tuliyoiimba shule ya msingi, kwa kutumia lupu ndani ya lupu, yaani amri ya kurudia kazi iliyowekwa ndani ya amri nyingine ya kurudia kazi. Mwisho wa kukusanya ulikuwa Jumamosi jioni, na Jumamosi hiyo mimi nilikuwa saluni nasukwa tangu asubuhi, maana kesho yake kulikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa mwenye nyumba wangu anayeolewa. Mchana, kichwa kikiwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, nikafungua swali kwenye simu, nikaona halina huruma. Nilikuwa sijajaribu hata mstari mmoja wa kumwonyesha mtu.

Hapo shetani akanikalia begani (nasema shetani, lakini vidole vilikuwa vyangu). Nikajiuliza ni jambo gani litamfanya Kaka Deus aivunje sheria yake. Ugonjwa niliuona mwepesi, kila mtu anaumwa, umeme kukatika ndiyo kabisa, hakuna anayeamini tena, nikabaki na msiba, maana ni nani atambishia mfiwa? Basi nikaanza kuchagua wa kufa. Mama niliogopa laana, baba alishafariki kweli nikiwa mdogo na kumuua mara ya pili niliona si haki, shangazi yangu Kabula angejua tu, sijui angejuaje lakini angejua, nikamwangukia babu mzaa baba, Mzee Masanja wa Kisesa, kwa hoja kwamba umri wake unaruhusu na WhatsApp hana.

Na babu huyo ndiye aliyenilea. Ananiita mke wangu, kama babu wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, ila yeye utani huo aliufanya kazi ya kudumu: nikifika nyumbani anawatangazia majirani kwamba mke wake mtaalamu wa kompyuta amerudi, anadai marehemu bibi alimkabidhi kwangu kwa mdomo wake mwenyewe, na wakati wa kula hali mpaka nimnawishe mikono mimi. Katika watu wote niliokuwa nao hakuna niliyempenda kuliko yeye, na ndiye niliyemchagua. Hilo linaniuma kuliko mengine yote nitakayowaambia.

Nikaandika, nikatuma grupuni. Muda si mrefu Kaka Deus akanijia pembeni: "Pole sana dada yangu. Zoezi lisikuumize kichwa, wewe shughulikia msiba," na chini yake programu nzima, imekamilika, pamoja na maelezo ya kila mstari kwa Kiswahili, ili nisome siku nikitulia. Nikanakili, nikakusanya, maelezo sikuyagusa. Huko grupuni pole zikawa zinamiminika, watu nisiowajua wananiombea faraja, na kila simu ikilia msusi ananiambia nisitingishe kichwa, mwishowe nikaona haya imenizidi, nikalinyamazisha grupu. Simu ikatulia kabisa. Kumbe kwa kubonyeza hapo ndiyo nilikuwa nimejimaliza, kwa sababu yote yaliyopangwa baada ya hapo sikuyaona.

Jumapili baada ya ibada niko chumbani napiga pasi gauni la sendofu, simu ya Pendo ikaingia. Pendo nasoma naye, na Krismasi iliyopita nilimpeleka Kisesa akala kwetu.

"Vero, pole mwaya. Tumeshashuka Kisesa. Njia ya kwenu si ile ya kwenye mashine ya kusaga?"

"Mmeshuka akina nani?"

"Sisi wa grupu, na Kaka Deus. Tumeona tusikuache peke yako. Usihangaike na chakula, tumekuja na mchele wetu."

Hapo ndipo ningesema. Simu ilikuwa sikioni, sentensi moja tu ingetosha, ningetukanwa yakaisha. Badala yake nikasema, "Nisubirini hapo hapo," na wao (kwa upendo) hawakusubiri. Nikampigia babu, hapatikani. Nikampigia shangazi, inaita mpaka inakata. Nikadandia bodaboda na nywele zangu mpya, nikamwambia dereva akimbize, na tulipopita Nyakato akanigeukia kuniuliza kama nina mgonjwa.

"Hapana, nina msiba."

"Pole sana dada. Amefariki nani?"

"Bado hajafariki," nikamjibu, na yule kaka akageukia barabara, akaongeza mwendo mpaka Kisesa.

Sasa sikieni kilichotokea kabla sijafika. Babu aliamka mapema akachukua baiskeli yake kwenda kutazama ng'ombe wa rafiki yake, na shangazi Kabula alikuwa uani anachambua dagaa, mara akaona akina dada wanaingia wamejitanda khanga, Pendo mbele, akamkumbatia huku analia, "Pole shangazi, pole kwa kuondokewa na mzee." Na mzee kweli ameondoka tangu asubuhi, kwa baiskeli, kwenye barabara ile yenye malori. Shangazi angefikiri nini? Alidhani wametoka kumwokota.

Kilio nilikisikia nikiwa bado kwenye bodaboda, shangazi anamwita mama yake kwa Kisukuma: "Mayu wane! Mayu wane!" Nilipoingia uani majirani walishajaa, wanaume wanafunga turubai kwenye paa la jiko, mabenchi yanatolewa, na shangazi yuko chini, ameshikiliwa na wanawake wawili, kilemba kimemtoka. Mimi nikaanza kulia, kulia kweli kwa woga, na kilio changu kikawathibitishia wote ambao huenda walikuwa na shaka.

"Babu hajafa!" nikapaza sauti.

Mama mmoja jirani akanivutia kifuani. "Ndiyo mwanangu," akasema, "hajafa, amelala tu."

"Mama, nasema babu hajafa!"

"Lia mwanangu, usiyaweke moyoni."

Niko humo humo kifuani kwa watu ndipo nikasikia kengele ya baiskeli. Babu alikuwa ameshaingia uani. Mwanafunzi mmoja asiyemfahamu akamsogelea kwa adabu zote, akamwambia, "Shikamoo mzee, pole na msiba, karibu ukae," na babu akampita tu. Aliliangalia turubai, akaangalia watu, akaachia baiskeli ikaanguka yenyewe.

"Kabula?" akauliza. "Ni Kabula wangu?"

Jamani, sauti ile. Nimemjua babu maisha yangu yote na sikuwahi kumsikia hivyo, na niliyeitoa sauti ile kifuani mwake ni mimi. Mama aliyekuwa amenishika alipogeuka akamwona, akapiga ukelele akanitupa, na nusu ya wafiwa wakaparamia mahindi ya kando ya uwanja. Shangazi akainuka pale chini akamrukia babu shingoni, wakashikana pale, kila mmoja anamlilia mwenzake aliye hai, wanapapasana mabega na nyuso, na sisi wengine tumesimama hatujui tufanye nini na mikono yetu.

Kelele zilipotulia babu akajifuta uso kwa kofia yake. "Haya. Sasa amekufa nani?"

Majirani wakawaangalia wageni, wageni wakamwangalia Kaka Deus, Kaka Deus akaniangalia mimi.

"Ni wewe, Babu," nikasema.

Ikabidi niyaseme yote, nimesimama katikati ya uwanja, mbele ya majirani walioniona nazaliwa. Nikaeleza zoezi, nikaeleza sheria ya grupu, nikaeleza saluni. Babu akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sijaelewa kitu kimoja. Hiyo kazi yenyewe ilikuwa ya nini?"

"Tebo, Babu. Tebo ya kuzidisha."

Mtu mmoja nyuma akacheka, wa pili akamfuata, na babu, ambaye hajawahi kuwaacha wageni wakae vibaya kwake, akawasaidia. "Wake wengine huua kwa wivu," akasema, "wa kwangu ameniua kwa hesabu." Uwanja mzima ukaangua kicheko, wazee wakaanza kusema kuzushiwa kifo ni kuongezewa maisha, na babu akaamuru wageni wasiondoke na njaa, mchele si wamekuja nao? Ukapikwa, ukaliwa chini ya turubai, na babu akawaambia katika umri wake amekula vingi ila wali wa msiba wake mwenyewe hakuwahi. Nilipomletea maji ya kunawa alikuwa ameshanawa, peke yake, kwenye ndoo ya ng'ombe. Shangazi hakunipiga wala hakunisemesha. Ningepigwa ningeshukuru.

Wakati wageni wanaondoka nilimfuata Kaka Deus mpaka njiani kumwomba msamaha, nimeandaa maneno mengi, akanikatiza kwa upole.

"Ile lupu ya ndani, uliielewa?"

"Hapana, Kaka."

"Basi hatukukusaidia," akasema, akavaa kofia yake akawafuata wenzake.

Jioni, turubai limeshushwa, babu amekaa kwenye kigoda chake na redio imezimwa, akaniita. Hakuniita mke wangu. Akaniita Veronika.

"Nisomee ulivyonitangaza."

"Babu, tuyaache."

"Soma."

Nikafungua simu, nikasoma: "Jamani habari za mchana, nimefiwa na babu, naelekea Kisesa, naomba anisaidie mtu swali la tatu nikusanye leo, asanteni."

Akangoja. Nadhani alifikiri napandisha skrini nitafute mengine.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Babu."

"Hata redioni," akasema taratibu, "mtu akifa husemwa jina lake. Anasemwa ni wa wapi, ameacha nani. Wewe hata jina hukuniwekea." Akanyanyuka akaenda kuiangalia baiskeli yake iliyopinda usukani, na mimi nikabaki na simu mkononi. Nililia tena, safari hii hapakuwa na mtu wa kunivutia kifuani, na sikustahili.

Swali la tatu nilipata alama zote, na matokeo yale sijawahi kumwonyesha mtu. Grupuni walinisamehe, watu wema wana tabia hiyo mbaya, lakini siku hizi akitokea mwenzetu mwenye shida ya kweli lazima awepo mmoja wa kuuliza, "Isije ikawa kama ule msiba wa Kisesa," na huyo mwenye shida ndiye anayelipia uongo wangu. Niliapa kwamba sitaomba tena kazi ambayo sijaigusa, na nikikwama naandika wazi kuwa sijaelewa, naweka mistari yangu ya ovyo mbele ya watu, wacheke wanavyotaka. Lupu ndani ya lupu naijua sasa, hata wapya nawaelekeza. Na kama mko kwenye grupu lolote la kusaidiana, nawasihi, semeni tu kwamba mlikuwa saluni.

Babu bado mzima, namshukuru Mungu, na nikienda ananipokea vizuri, ila majirani hawatangaziwi tena kitu. Kila Jumapili nampigia simu. Zamani alikuwa akipokea anangoja kidogo, anipe nafasi ya kumwamkia kwanza, kama inavyompasa mtu mzima. Siku hizi akishapokea tu hangoji shikamoo yangu, anatangulia yeye: "Nipo, Veronika. Waandikie wenzako kwamba nipo." Mwanzoni nilikuwa nacheka.