Uwanja wa Beda na Ndege Asiyoitaka

KISANGA, Kilosa, Oktoba 1975. Saa moja asubuhi, Beda Lukwele anavunja kichuguu kilichoota tena katikati ya uwanja wa ndege. Jembe linagonga, vumbi jekundu linamjaa ndevuni. Mbuzi wa jirani wanakatiza. "Tokeni! Huku malisho?" anafoka.

Uwanja wenyewe ni kipande cha ardhi pembeni mwa kijiji cha ujamaa. Ujira wa Beda wa kuutunza ni madebe mawili ya mahindi kwa msimu.

Kutoka Dar es Salaam ni kilomita mia mbili na ushei kwa anga. Ndege ndogo ya daktari hutumia saa moja na kidogo. Mgonjwa akibebwa kwa kitanda hadi hospitali ya Kilosa, hulala njiani.

Mwaka jana Raheli, binti yake wa kwanza, alishikwa na uchungu, mtoto akakwama. Mkunga akaita ndege kwa redio ya misheni. Beda akawasha majani mabichi, rubani aone moshi na kujua upepo unakoelekea.

Lakini asubuhi hiyo hiyo kijiji kilikuwa kimechoma shamba la pamoja. Zamani, kabla ya kuhamishiwa hapa, kila mtu alichoma lake kwa siku yake. Sasa shamba ni moja, moto mmoja. Bonde zima likawa moshi.

"Tulimsikia juu, anazunguka," anasema Beda. "Nikapiga kelele kama mwendawazimu. Anisikie wapi!"

Ndege ikarudi Dar es Salaam. Raheli akafa jioni, mtoto akiwa tumboni.

Sasa mdogo wake, Agnesi, yuko mwezi wa tisa, na shamba limekwisha kufyekwa, linangoja moto. Jana Beda alimfuata Tomasi, kijana anayesimamia shamba hilo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tomasi, msichome mpaka mwanangu ajifungue."

"Mvua ikitangulia, majani yakalowa, tutapanda wapi, mzee? Watu watalala njaa."

"Na mimi nizike tena?"

Tomasi aliinama. Kisha akasema, "Haya, tutasubiri. Lakini mvua ikija, tusilaumiane."

Si wote walioridhika. Mwanvua, mama wa watoto sita, hafichi hasira. "Tunamhurumia, wallahi. Lakini huruma haijazi chungu." Maskini, naye ana haki. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Mikumi, na akina mama wanayatazama kwa hofu.

Beda anatema mate viganjani, anashika tena mpini. Mwandishi anamuuliza ana matumaini gani na uwanja huu anaoutunza hivi.

"Namwomba Mungu Agnesi azae nyumbani, salama," anajibu bila kuinua uso. "Hii kazi yangu yote, mwanangu, naomba isitumike."