Abba Habte-Kiros, Aliyeuliza Kama Amebariki

Alizaliwa mwezi wa Hidar mwaka 1861, kwa hesabu ya Wahabeshi, katika kijiji cha Gurambo, milima ya Lasta, mtoto wa mkulima wa shayiri. Akiwa na miaka tisa alikwenda kusoma kwa mwalimu wa kanisa, akiomba chakula mlango kwa mlango kama wanafunzi wote, akakariri ibada nzima bila kitabu. Alipewa upadre mwaka 1887 na kuhudumu kanisa la Mikaeli, Gurambo, miaka thelathini na minane. Kuhusu miaka hiyo halikuandikwa jambo, ila kwamba hakuchelewa hata mara moja.

Jaribu lake lilianza Kwaresima ya mwaka 1925. Maneno hayakumpotea, kilichompotea ni kujua kama ameshayasema. Huko mtu hatoki kanisani kabla ya kuagwa kwa baraka. Atokaye mapema husemwa ameinuka mezani pamoja na Yuda. Abba aliinua msalaba wa mkono, akabariki, akaushusha, kisha akautazama kama kitu alichookota njiani. Nyuso zilikuwa zimeinama, lakini nyuso huinama kabla na baada. Akabariki tena. Waliokwisha kufika langoni wakarudi, kwa kuwa baraka haipewi mgongo. Ilikuwa saa tisa alasiri na hakuna aliyekuwa ametia kitu kinywani tangu jana.

Mara ya nne, mwimbaji mkuu Mekbib alisema, "Baba, mboga imegandia chunguni. Baraka nyingine tuwekee ya kesho."

Watu wakacheka. Abba akauliza, "Kwa hiyo nilimaliza?"

"Ulimaliza, ukamaliza, ukamaliza."

Hakujua kama asemaye ni Mekbib au njaa yake. Ikiwa ni njaa, watu wangekwenda bila baraka, na kosa lingekuwa lake.

Wazee wakaamua shemasi Zeleke asimame kando yake na kumwambia akishamaliza. Akirudia, atolewe madhabahuni. Abba alitii. Jumapili iliyofuata Pasaka Zeleke alinong'ona, "Umeshamaliza, Baba." Akaushusha msalaba, lakini shaka haikushuka. Akatoka uani akiuliza mmoja mmoja, "Nimekubariki?" Wote wakasema ndiyo. Penye ukuta, wanaposimama wasiothubutu kuingia, alimkuta Gobaw, aliyemuua jirani yake Alemu kwa ugomvi wa mpaka, akirudi kuchukua fimbo aliyoisahau.

"Wewe nimekubariki?"

"Hapana, Baba."

"Nilikosea wapi?"

"Hukukosea. Huwa naondoka kabla hujafika kwenye baraka. Huu mwaka wa saba."

Mekbib akamshika Abba vazi. "Baba, unajua walivyosema wazee."

"Mekbib, mtu huyu anasema sijamaliza." Akainua msalaba.

Wiki hiyohiyo Gobaw aliwatuma wapatanishi kwa mjane wa Alemu, naye kabla ya mavuno akapokea amani. Wazee hawakuzungumza tena habari za madhabahu. Husemwa pia kwamba wagonjwa waliponea ukutani hapo. Shahidi wa jambo hilo hajapatikana.

Alifariki tarehe tatu mwezi wa Tir mwaka 1929, watu wakiwa wameijaza nyumba. Alikwisha kuwabariki mara mbili. Akauliza, "Nimewaaga?" Zeleke, ambaye kwa karibu miaka minne alikuwa na jibu moja tu, alisema, "Bado, Baba." Wakainama wote, akawabariki, na hakuuliza tena.

Hadi leo padre wa Gurambo, baada ya kuwaaga watu, hutoka hadi ukutani. Nasi tumwige: tusihesabu kazi yetu imekwisha kwa sababu walio karibu wametosheka.