Beberu wa Baba Mdogo

Harufu ya beberu haifichiki. Inashika nguo, inashika nywele, inaingia hata kwenye mlenda ulioanikwa uani, na nyumba yetu karibu na Chamwino ilinuka hivyo mwaka mzima niliokuwa darasa la sita. Niliishi kwa Baba Mdogo, mdogo wake baba yangu, kwa sababu shule aliyofundisha ilikuwa jirani. Alikuwa mwalimu wa sayansi, suruali imepigwa pasi kama ya waziri, na alijiona msomi pekee kati ya wakulima wajinga. Aliyenilea hasa ni mkewe, Mama Mdogo, mwanamke mpole wa Kibakwe aliyenisuka nywele kila Jumapili na kuniachia ukoko wa ugali. Hawakuwa na mtoto, nami nilijihesabu mtoto wao.

Kiangazi hicho mbuzi majike hawakushika mimba, hata mmoja. Baba Mdogo hakuhangaika nao. Alimzunguka beberu, akampapasa korodani kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akatangaza, "Majike wote hawawezi kuwa wabovu. Huyu ndiye hana kitu." Akampeleka mnadani, akanunua mwingine, na mvua zilipoanza matumbo ya mbuzi wetu yalikuwa yamejaa. Alijisifu kwa kila aliyepita njiani.

Darasani alikuwa hodari, siwezi kumnyima hilo. Alichora viungo vya uzazi kwa chaki za rangi: mji wa mimba katikati, mirija ikitoka juu yake kushoto na kulia, ovari pembeni, na upande wa pili wa ubao korodani na mirija yake. Tuliochekacheka alitukazia macho mpaka tukanyamaza. Alieleza kwamba ovari hukomaza yai, korodani hutengeneza mbegu, na viwili hivyo vikikutana ndani ya mrija mimba hutungwa, kisha hushuka na kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Akauliza: mimba isipotungwa, kasoro iko kwa nani? Nilinyoosha mkono. "Yaweza kuwa kwa baba, yaweza kuwa kwa mama, mwalimu, au kwa wote wawili." Akaamuru nipigiwe makofi.

Haukupita muda akawaita wazee wa ukoo. Walikaa sebuleni, na yule msomi akawaambia, kwa sauti ileile ya darasani, kwamba mke aliyeozeshwa ni tasa na anamrudisha kwao. Hakuna aliyekuwa amepimwa, na hakuna aliyeuliza. Mama Mdogo alikaa mkekani akitazama vidole vyake. Nilikuwa nikigawa chai, na kwa hofu ya kumkosa nikasema mbele ya wote, "Baba, lakini mbuzi walipokosa mimba ulibadilisha beberu." Birika lilikuwa bado mkononi mwangu aliponizaba kofi. "Mbuzi ni mbuzi," akasema. Wazee wakatikisa vichwa kukubali, wakaendelea kunywa chai. Asubuhi Mama Mdogo alifunga khanga zake akapanda basi la Mpwapwa, nami nililia mpaka nikatapika. Namdharau mtu yule tangu siku hiyo, na sioni sababu ya kulificha.

Siku hizi mambo yamebadilika kwa wanaotaka yabadilike. Mimi na mume wangu tulipochelewa kupata mtoto tulikwenda kliniki ya mjini Dodoma pamoja, na wa kwanza kupimwa alikuwa yeye, kwa kuwa kipimo cha mwanamume ndicho chepesi. Alipimwa, na hakufa. Mama Mdogo aliolewa tena hukohuko Kibakwe akajaliwa watoto. Binti yake wa kwanza alimpa jina langu.

Mwaka huu nilipita kwa Baba Mdogo. Amestaafu, suruali bado imenyooka. Nikampa shikamoo kwa sababu mdomo umezoea. Sasa yuko na mke wa tatu, mwanamke aliyemtoa kwenye mashamba ya zabibu ya Makutupora, na alisubiri aingie jikoni ndipo akaninong'oneza, "Na huyu naye tasa." Harufu ilitoka zizini palepale pa zamani. Langoni palikuwa na beberu amefungwa kamba peke yake, nikauliza ana nini.

"Huyo nampeleka mnadani," akasema Baba Mdogo. "Hana kitu."