Vitunguu vya Maua Juu ya Jiko

Enzi zetu, sisi tuliotua Buffalo, Marekani, na vumbi la kambi ya wakimbizi ya Tanzania bado limo kwenye nyufa za visigino, hakukuwa na kuuliza simu upande mbegu lini. Ulimuuliza mama. Mama akikosea, mmekosea ukoo mzima!

Jirani yetu pale East Side, Bibi Doroti, magoti yalimgomea. Akampa mama furushi la vitunguu vya tulipu, maua ya nchi za baridi, avipande uani kwetu kabla ya theluji, mbele ya dirisha lake. Theluji ikiisha mwanawe angekuja kumhamishia mji wa Columbus, na bibi alitaka ayaone maua yake kwa mara ya mwisho.

Sasa, kwa mama mbegu hutundikwa juu ya jiko, moshi ufukuze wadudu, mpaka mvua inyeshe. Akalitundika furushi juu ya jiko la umeme, lisilo na moshi hata wa kusingiziwa, tukangoja mvua. Ikaja theluji! Bibi akiulizia, mama anatutolea macho: "Mwambieni viko salama." Kweli vilikuwa salama, vikiota joto kuliko sisi.

"Mbegu ya mtu haiozi mikononi mwangu," akaapa. Desemba tukatolewa nje na mabirika ya maji ya moto kulainisha ardhi, mama na jembe, kitenge juu ya koti. Kaka yangu Elisha akawa anavua kofia na kuinamia kila shimo kama yuko mazikoni, mpaka mzee mmoja aliyekuwa akipita akavua yake pia. Mama alimwahidi kofi, na akalitoa.

Mei, maua ya mtaa mzima yakachanua, yakapukutika. Kwetu majani matupu. Mama aliona aibu, akaacha kupita mbele ya dirisha lile. Kumbe! Siku mwanawe bibi alipofika, mwishoni mwa Mei, mtaa mzima hauna tulipu ila zetu, nyekundu, zimenyooka kwenye matuta kama maharage. Bibi akacheka huku analia.

"Mwambie mama yako ni fundi. Alichelewa makusudi."

Nikatafsiri. Mama hata hakupepesa jicho. "Mwambie ndiyo."

Leo binti yangu ananijibu kwa Kiingereza chake kwamba simu imesema tulipu hupandwa Oktoba, na Oktoba imeshapita. Watoto wa siku hizi wanajua kila kitu! Mama naye sasa magoti yamemgomea. Elisha atakuja kumchukua wakaishi wote Columbus, mwishoni mwa Mei.

Furushi la tulipu nimelitundika juu ya jiko, hadi Desemba.