Kanga Hapigwi Bawani

Marehemu baba aliniachia bunduki ya upepo na sharti moja: kichwani, nyuma kidogo ya jicho, au usifyatue. Kanga akiwa anadonoa, kichwa chake hakitulii. Unamsubiri ainue shingo kusikiliza, hapo ndipo unapobana pumzi. Asipoinua, unarudi nyumbani ukapike mgebuka wa ziwani.

Baba mdogo alikuja kwangu Ilagala kutoka Ujiji kuichukua bunduki hiyo. Kwanza alisema mwanamke na bunduki wapi na wapi. Nilipocheka, akabadili wimbo: ndege wangu wanakufa kabla ya kisu, kwa hiyo ni vibudu, na yeye hali kibudu. Bunduki ikae na mtu anayejua kupiga bawa, ndege aanguke mzima, achinjwe. Wengi kwetu hupiga hivyo na kujiona wacha Mungu. Mimi husema Bismillah yangu kabla ya kufyatua, na Mungu si kiziwi.

"Lete nikuonyeshe, mwanangu."

Nikampa. Shambani kwangu kanga walikuwa wanafukua karanga. Akafyatua. Bawa lilivunjika kweli, lakini miguu ilikuwa mizima, na ndege akakimbilia kwenye matete ya mtoni huku akilia. Tulitafuta mpaka baba mdogo akachoshwa na matope.

"Basi, riziki ya kicheche hiyo. Twende."

"Bado analia, baba mdogo."

"Si ndege tu? Twende!"

Hasira zilinipanda. Nilimpokonya bunduki, adabu nikaiweka pembeni, nikaingia kwenye matete, matope yakanifika magotini. Nilimkuta kanga amejibana kwenye mizizi, mdomo wazi, mfupa wa bawa umetokeza nje. Nilimbeba kifuani, moyo wake ukinidunda mkononi, nikamkabidhi baba mdogo.

"Mzima huyo, kama ulivyotaka. Chinja."

Alichinja bila kuniangalia.

Jioni nilimpika kwa mawese, nikampakulia baba mdogo nyama yote. Mimi nilikula ugali na maharage, bunduki imelala mapajani, asije akadhani mjadala bado upo. Alikula kidogo, kisha akausogeza ule mchuzi upande wangu.

"Kula, mwanangu. Ni halali hii."

"Najua ni halali, baba mdogo. Ila wewe hukumbeba."