Nilivyomkalisha Mkwe Wangu Madhabahuni kwa Wachina

Nawaambieni mapema msije mkasema nimewaficha: aibu niliyoipata mimi Godlisten, muuza spea za pikipiki hapa Moshi mjini, haijapungua hata kidogo, na nikiisimulia bado viganja vinaloa jasho. Kwa hiyo chekeni, lakini chekeni polepole.

Wakati huo nilikuwa namchumbia Haika, na baba yake, Mzee Elinami wa Kirua Vunjo, alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Ni mzee wa kanisa, mtu wa koti na kofia, ana duka la vifaa vya ujenzi, haongei sana, na akikutazama unaanza kujikagua kama umefunga vifungo vyote. Basi akasikia kwamba mimi nimeshafika Guangzhou kufuata mzigo (nilienda mara moja tu, na muda wote nilimshika mwenyeji wangu shati nisipotee), akasema na yeye anataka kwenda kuangalia vigae na mimi ndiye nitakayemwongoza. Haika akaniambia, "Godi, hii siyo safari, huu ni mtihani. Baba akirudi ndiyo atatoa jibu." Nikamjibu asiwe na wasiwasi, ule mji naujua kama kihamba chetu, shamba la nyumbani, kila mgomba.

Biashara tulimaliza salama. Siku ya mwisho mzee akasema hawezi kurudi nyumbani aulizwe China ikoje aanze kusimulia magodauni, anataka kuona kitu cha maana, na karibu na hoteli kulikuwa na hekalu la zamani, watalii wanaingia na kutoka, tukasema twende. Pale langoni kulikuwa na dada anawaelekeza wageni, tena kwa ishara, hata asiyejua lugha angeelewa. Ningesimama nimsikilize. Lakini mtu anayeujua mji kama kihamba chao atasimamaje kuelekezwa? Nikapita kifua mbele. "Twende baba, nifuate mimi."

Ndani kuna harufu ya ubani, sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu, meza ndefu imejaa maua na matunda, na watu wako kimya kabisa. Mzee alikuwa ametembea tangu asubuhi na magoti yake (mabovu tangu zamani) yalianza kumgomea, nikamwona anabadilisha mguu, anashika ukuta. Sasa nyie mnajua kwetu, mzee hasimami. Mgeni hajamaliza kupiga hodi mtu ameshakurupuka kutafuta kigoda, na ukimwacha mzee amesimama nyumbani kwenu hiyo habari itafika sokoni kabla yake. Nikaangaza macho, nikaona vigoda vifupi vimepangwa mbele ya ile sanamu, vina mto mwekundu juu, na hakuna aliyevikalia. Moyo ukafurahi. Nikabeba kimoja, nikakisogeza mpaka kwenye ile meza ili apate pa kuegemea, nikakifuta kwa leso yangu. "Kaa baba, pumzisha miguu."

Akakaa. Sanamu mgongoni, uso kwa watu, kofia mapajani. (Na mjue kwamba wakati huo nilijiona nimemaliza kazi. Nilijiambia, Godlisten, hapo umeoa.)

Akaja mama mmoja mtu mzima na sahani ya machungwa, macho ameshayafumba nusu, akapiga magoti mbele ya mzee, akainama mpaka paji la uso likakaribia sakafu. Mzee Elinami akashtuka kidogo, lakini adabu ni adabu. Akatikisa kichwa. "Marahaba, mama." Wakaja wengine wawili, nao wakainama. "Marahaba. Marahaba." Kisha akanigeukia akaninong'oneza, "Godi, watu wa huku wana heshima. Vijana wetu haya mambo wameyatupa."

Hapo ndipo nikamwona mtu wa pembeni anaweka magoti juu ya kigoda kingine, nikaelewa vile vigoda ni vya nini. Nilitaka kumwambia mzee ainuke, lakini unaanzaje kumwambia mkweo mtarajiwa, mzee wa kanisa, kwamba umemkalisha madhabahuni na watu wanasujudu mbele yake? Nikawa natafuta maneno, na nikiwa bado natafuta, yule mama akafumbua macho. Alikuwa analia, sijui alikuwa anamwombea nani, na badala ya mungu wake akakutana na mzee wa Kirua Vunjo anatabasamu. Akapiga ukelele, sahani ikaanguka, machungwa yakasambaa, watu wote wakageuka, wengine wakaanza kucheka. Msichana mmoja akainua simu akaanza kurekodi, na mimi nikaiona ile video imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la usharika kabla hata hajamaliza kuichukua.

Mtunza hekalu akaja mbio, mzee wa rika la mkwe wangu, amevaa kanzu ya kijivu, anafoka, mkono unaonyesha kigoda, sanamu, mlango. Mzee Elinami akasimama, akavaa kofia, akaivua tena. "Wanasema nini hawa? Godi mbe, umenikalisha wapi?" Nikabaki nasema sori, sori, huku macho yanazunguka yakitafuta msaada popote, na ndipo nikaliona isale.

Haki ya Mungu, isale! Kwenye chungu kikubwa karibu na nguzo, mmea uleule tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba, majani marefu ya kijani, ila huu umefungwa riboni nyekundu. Kwetu ukimkosea mtu, hata kosa zito namna gani, ukampelekea jani la isale, hana njia ya kukunyima msamaha. Kichwa changu kilichokuwa kimechemka kikaniambia Mungu ndiye kaniwekea isale katikati ya China kwa ajili ya siku hii. Nikakimbia, nikachuma jani, riboni mbili zikaanguka sakafuni, nikarudi nimelishika mbele ya kifua.

Kelele zilikatika zote. Zile riboni, nilikuja kuelezwa baadaye, ni maombi ya watu, kila mtu amefunga la kwake. Sasa hata waliokuwa wanacheka hawakucheka tena, na mtunza hekalu alinitazama kama mwizi aliyesamehewa kuku akarudi kuchukua banda.

Mzee Elinami akaninyang'anya lile jani. Akaenda taratibu mpaka kwa yule mama na mtunza hekalu, akashika ukingo wa meza, akapiga magoti yote mawili, yale mabovu, akawanyooshea jani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yule mama akafuta machozi. Mtunza hekalu akapumua, akalipokea lile jani, akamshika mkwe wangu kiwiko akamwinua, halafu akatuonyesha mlango.

Kutoka pale mpaka tunatua KIA, mzee aliniambia neno moja tu, "Mkanda," kwa sababu kwenye ndege nilisahau kuufunga.

Wiki zilizofuata sikula vizuri. Simu ikilia kidogo naruka, nikijua ndiyo ile video imefika. Haikufika. Haika akanipigia: "Baba nikimuuliza safari anasema ilikuwa nzuri, halafu ananyamaza. Mlikosana?" Nikasema hatukukosana, nikakata simu, nikakaa chini dukani katikati ya cheni za pikipiki. Kile kimya kilikuwa kinanimaliza.

Siku ikafika, tukapeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, kwao Kirua. Ukoo mzima umekaa, mama mkwe, mashangazi, hadi mwinjilisti wa mtaa yupo. Baba mdogo wa Haika akasimama akasema, "Kaka, mtu humjui mpaka usafiri naye. Wewe umesafiri na huyu kijana. Tuambie, ni mtu wa namna gani?"

Mzee Elinami akatazama chini. Akanywa kidogo, akafuta midomo, akatazama tena chini. Watu wanasubiri. Mimi nikaona ndiyo hivyo, anataka niseme mwenyewe, ananipa nafasi ya mwisho kabla hajaniaibisha. Nikasimama.

"Baba, nisamehe! Sikujua kile kigoda ni cha kusujudia!"

Na nilipoanza sikuweza kuacha. Nikasimulia sanamu, nikasimulia yule mama, nikasimulia marahaba zote tatu, riboni, magoti, kila kitu, mbele ya mashangazi na mbele ya mwinjilisti ambaye kata yake ya mbege ilikuwa imegandia hewani. Nilipomaliza, mama mkwe akauliza kwa sauti ndogo, "Baba Haika, ulisujudiwa?"

Mzee akaweka kata yake chini. Alinitazama mimi, bila hasira, amechoka tu. "Godi, nilikuwa natafuta pa kuanzia kukusifu. Nilitaka kuwaambia huyu kijana akikosea hakimbii, anatafuta namna ya kuomba msamaha. Ningeishia hapo. Mengine nilikuwa nimeshayazika kulekule."

Haika nilipewa. Mashangazi walicheka mpaka wakashikana mabega, na nadhani kile kicheko ndicho kilichoniozesha. Lakini Jumapili iliyofuata mzee hakukaa kwenye benchi la wazee wa kanisa. Hakuna aliyemwondoa, alikwenda mwenyewe kwa mchungaji akaomba apumzike, akasema hawezi kukaa mbele ya watu wanaojikaza wasicheke. Siku hizi anakaa nyuma karibu na mlango, mimi pembeni yake, na wazee wakiitwa kukusanya sadaka namwona anataka kuinuka, halafu anakumbuka, anatulia. Hiyo ndiyo inayoniuma, kuliko China yote.

Mahekalu sijaapa kuyakwepa, nitaingia tena na nitasimama mlangoni nielekezwe kama mtoto. Nilichoapa ni kwamba mzee akinyamaza mbele yangu, na mimi nitanyamaza.